Nilivyokwenda Trieste kulea mtoto wa mtafiti

Wengi wetu tukisikia Italia tunafikiria Roma, au viatu, au tambi. Mji wa Trieste haumo katika mawazo yetu. Uko pembeni kabisa, kaskazini mashariki, mahali ambapo nchi ya Italia imebaki kama utepe mwembamba tu kati ya Bahari ya Adriatiki na mpaka wa Slovenia. Wakazi wake ni kama 200,000 hivi. Lakini waliosoma fizikia na hisabati wanaufahamu sana mji huo, kuanzia Lagos hadi Dhaka, kwa sababu kwa miaka 60 umekuwa njia ya kupitia vijana wa nchi maskini wanaotaka kuwa wanasayansi kamili.

Niliishi huko siku 89, kuanzia Januari hadi Aprili 2024. Sikwenda kusoma, diploma yangu ya uuguzi inanitosha. Nilikwenda kulea mjukuu, mtoto wa binti wa marehemu dada yangu, ambaye mimi humwita mwanangu na yeye huniita mama mdogo. Alikuwa amepata nafasi ya utafiti ya mwaka mmoja, na mtoto alikuwa na miezi 7, bado ananyonya.

Afadhali nieleze kwanza nafasi ya namna hiyo ni kitu gani, maana hata katika kikao cha ukoo ilituchukua muda kuelewa. Babu mmoja aliuliza, "Si amekwisha kuwa daktari wa falsafa? Sasa anakwenda kusoma nini tena?" Swali lilikuwa zuri. Anayemaliza shahada ya uzamivu ni kama muuguzi aliyefaulu mtihani wake jana. Ujuzi anao, lakini hakuna atakayemwachia wodi nzima usiku peke yake. Anahitaji kufanya kazi kwanza chini ya waliomtangulia, mwaka mmoja, miwili au mitatu, mara nyingi mbali na chuo alichosoma. Hiyo ndiyo kazi ya baada ya uzamivu. Si masomo, ni ajira yenye mshahara, ingawa mkataba wake ni mfupi. Humo ndimo mtafiti anapoandika makala zake za kwanza zenye uzito, anapofahamiana na watu wa fani yake, na anapojifunza kuomba fedha za utafiti kwa jina lake mwenyewe. Asiyepita hapo hurudi chuoni akafundisha tu, na utafiti humwishia mikononi.

Sasa tazameni umri. Nafasi hizi huja mtu akiwa na miaka 30 hadi 36 hivi. Mwanamume wa umri huo hufunga sanduku, akapiga picha na mke na watoto uwanja wa ndege, akaondoka. Sisi umri huo ndio wa kuzaa na kunyonyesha. Katika kikao chetu iliulizwa mara 3 ni nani atakayempikia mumewe. Nimekuwa katika ukoo ule miaka mingi, nimeona kaka zetu wakienda Norway na Urusi miaka 4 na 5, na sikumbuki mtu kuuliza ni nani atakayewapikia wake zao. Aliyemaliza ubishi alikuwa mume mwenyewe. Alisema, "Barua hii niliichapisha mimi kwa mkono wangu. Nisingeitaka ningeiacha kwenye kompyuta." Basi likabaki suala la mtoto, na hapo macho yote yakanigeukia mimi.

Tulishuka Venice kwa ndege, tukapanda treni ya kama saa mbili. Mwisho wa safari reli inapita ubavuni mwa mlima, bahari ikiwa chini kabisa upande wa kulia. Kisha unaliona kasri jeupe limesimama juu ya mwamba katikati ya mawimbi. Hilo ni Miramare. Lilijengwa kuanzia 1856 kwa ajili ya Maximilian, ndugu wa mfalme wa Austria, maana wakati huo Trieste ilikuwa bandari kuu ya dola ya Austria. Mwaka 1864 Maximilian alishawishiwa kwenda kuwa mfalme wa Mexico, na mwaka 1867 akapigwa risasi huko huko. Mkewe, Charlotte, alipatwa na ugonjwa wa akili, akaishi hadi 1927. Nilipita mbele ya kasri hilo karibu kila siku nikiwa na mtoto mgongoni, na mara nyingi niliwaza habari za mama yule.

Nyuma ya bustani ya kasri, katikati ya misonobari, ndipo kilipo Kituo cha Kimataifa cha Fizikia ya Nadharia. Kilianzishwa mwaka 1964 na Abdus Salam, mtu wa Pakistan. Habari zake zinafaa kusimuliwa kwa watoto wetu. Alizaliwa mwaka 1926, akasoma Cambridge kwa ufadhili, na mwaka 1951 akarudi nyumbani kufundisha Lahore akiwa na moyo wa kulitumikia taifa. Huko hakukuwa na mtu wa kuzungumza naye fizikia, wala majarida mapya. Mkuu wake alimwambia achague kazi ya ziada: asimamie bweni, ashike hesabu za chuo, au aongoze timu ya mpira. Akachagua mpira. Mwaka 1954 akarudi Uingereza, kwa uchungu, kwa kuwa aliona akibaki nyumbani sayansi yake itakufa. Ndipo akawaza kuwa na mahali ambapo mwanasayansi wa nchi maskini atakuja miezi michache, apate vitabu na wenzake, kisha arudi kwao, asilazimike kuchagua kati ya nchi yake na kazi yake. Serikali ya Italia ilikubali kubeba sehemu kubwa ya gharama. Salam alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 1979, akafariki mwaka 1996, na mwaka uliofuata kituo kikapewa jina lake. Waliokwisha kupita hapo ni zaidi ya watu 100,000.

Mwanangu alikuwa katika idara inayoshughulikia hali ya hewa na ardhi. Kazi yake ni mvua. Nilimwomba anieleze kama anavyomweleza mama wa kijijini, naye akanieleza jioni moja tukichambua mboga. Wanachukua ramani ya Afrika Mashariki na kuigawa katika viraba, kila kimoja kama kilometa 25 upande huu na upande ule. Kisha kompyuta inahesabu kwa kila kiraba jinsi upepo, joto na unyevu vinavyopita kwenda kwa jirani yake, saa baada ya saa, kwa miaka mingi. Kama hesabu inaleta masika na vuli zilizokwisha kunyesha kweli, basi unaweza kuiamini kidogo unapoiuliza habari za miaka ijayo. Wakati mwingine upande wetu wa Bahari ya Hindi hupata joto kuliko upande wa Indonesia, na vuli yetu huwa ya mafuriko. Ilikuwa hivyo 1997, ilikuwa hivyo 2019, na ikawa hivyo tena 2023.

Ile ya 2023 hatukuhitaji kuisoma vitabuni. Tarehe 3 Desemba, mwezi mmoja kabla hatujasafiri, tope na mawe vilishuka kutoka Mlima Hanang na kufunika mji mdogo wa Katesh na vijiji vyake, wakafa watu zaidi ya 80. Mwanangu alikuwa na picha ya Katesh ukutani juu ya meza yake, imekatwa gazetini. Hakudai kwamba kompyuta yake ingewaokoa watu wale. Kiraba cha kilometa 25 hakiuoni mlima mmoja vizuri, aliniambia. Anachotaka ni kuvifanya viraba viwe vidogo zaidi. Nilipoelewa hivyo, uchovu wa kuamka usiku ulipungua.

Ratiba yetu ilikuwa hivi. Alfajiri alimnyonyesha, kisha akakamua maziwa mengine kwenye chupa. Mama anayerudi kazini, kokote kule, afahamu kwamba maziwa yaliyokamuliwa kwenye chombo safi hukaa hadi saa 4 nje mahali pasipo na joto kali, na hadi siku 4 kwenye friji; yakiwa yametengana, ni mafuta tu, unatikisa polepole. Saa sita mchana nilimpeleka mtoto bustanini, mama yake akateremka, akamnyonyesha kwenye benchi, tukala mkate wetu. Jioni akachukua zamu yake. Hatukumpa maziwa ya kopo hata siku moja, na uji wa ulezi nilikuwa nimeufungasha kilo 6.

Shida ilikuwa upepo. Upepo wa Trieste una jina, unaitwa bora, na watu wanauzungumzia kama tunavyomzungumzia jirani mkorofi. Unashuka ghafla kutoka uwanda wa juu nyuma ya mji, wakati wa baridi hasa, na unaweza kuzidi kilometa 100 kwa saa. Zamani kwenye barabara zenye mwinuko walifunga kamba na minyororo ili watu washike wasiangushwe. Siku ya kwanza ulipovuma niliona pikipiki zimelala chini mstari mzima kama wagonjwa. Vigari vya kusukumia watoto havifai siku hiyo. Mimi nilimbeba mjukuu kwa khanga mgongoni na kuvaa koti kubwa juu yetu sote wawili, na mabibi wa Kiitaliano walinisimamisha njiani, wakamgusa miguu kuona kama ana baridi, wakaitikia kwa kichwa. Mabibi ni wale wale duniani kote.

Kahawa nayo ni jambo kubwa mjini. Bandari hiyo imepokea kahawa ya dunia tangu karne ya 18, na wana majina yao ambayo hata Mwitaliano wa Roma hayaelewi: ukitaka nyeusi unaagiza nero, ukitaka yenye maziwa kidogo unaagiza capo. Mimi ni mtoto wa Kilimanjaro. Nimechuma kahawa ya baba na kuipeleka chama cha ushirika kichwani, na nyumbani tulikunywa chai. Nilinywa nero moja kwa heshima ya baba. Ilitosha.

Siku za Jumamosi nilikuwa huru. Kama muuguzi nilipenda kuona mambo mawili. Kwanza, chuo kingine cha watafiti, kiitwacho SISSA, kilichoanzishwa mwaka 1978, kwa sasa kimo katika majengo yaliyokuwa hospitali ya magonjwa ya mapafu, kilimani juu ya bahari. Mabaraza marefu yanayotazama jua bado yapo. Walipolala wagonjwa wa kifua kikuu sasa wamekaa vijana wanafanya hesabu. Pili, bustani ya San Giovanni. Hapo palikuwa na hospitali ya wagonjwa wa akili, yenye kuta na zaidi ya wagonjwa 1,000. Mwaka 1971 alikuja mganga mkuu aitwaye Franco Basaglia, akaanza kufungua milango. Mwaka 1973 wagonjwa na watumishi walitengeneza farasi mkubwa wa buluu, wakamtoa nje mpaka mjini, wao wakimfuata. Alikuwa mkubwa hata ikabidi mlango uvunjwe. Mwaka 1978 Italia ikapitisha sheria ya kufunga hospitali za namna hiyo na kuwatibu watu karibu na nyumbani kwao. Sasa pamejaa mawaridi. Nimefanya zamu katika wodi ya akili enzi zangu za mafunzo, na nilikaa pale muda mrefu kuliko nilivyopanga.

Kanisani nilikwenda. Mji huo una makanisa ya kila namna kutokana na wafanyabiashara wa zamani: Wakatoliki, Waorthodoksi wa Kiserbia na wa Kigiriki, Waprotestanti, na sinagogi kubwa la mwaka 1912. Lugha sikuielewa, lakini nyimbo mbili nilizijua kwa sauti zake.

Katika mji huo huo, jirani na kituo cha Salam, zipo ofisi za chama cha wanawake wanasayansi wa nchi zinazoendelea. Chama hicho kilizinduliwa Cairo mwaka 1993, na rais wake wa kwanza alikuwa Lydia Makhubu, mama wa Swaziland, nchi ambayo sasa inaitwa Eswatini, mtaalamu wa kemia aliyechunguza dawa za miti shamba na kuwa mkuu wa chuo kikuu cha nchi yake. Tangu mwaka 1998 chama hicho kimewalipia wanawake wa nchi zetu kusoma uzamivu katika nchi nyingine za kusini, si lazima Ulaya. Mwaka 2018 kilianzisha ufadhili mwingine kwa waliokwisha kupata uzamivu: hadi dola 50,000 za Marekani kwa miaka miwili, nao wanafanya kazi nyumbani, katika vyuo vyao wenyewe. Huu ndio niliuona una akili. Fedha inamfuata mama alipo, badala ya mama kuifuata fedha na maziwa yakimchuruzika kifuani.

Zipo na nyingine ambazo binti zetu wa sayansi na uhandisi wanapaswa kuzisikia mapema, si baada ya tarehe kupita. Umoja wa Ulaya una ufadhili uliopewa jina la Marie Skłodowska-Curie, yule mama wa mabinti wawili aliyepata Nobeli mara mbili, 1903 na 1911. Mwombaji awe na uzamivu, na asiwe amezidi miaka 8 ya utafiti baada yake. Lakini miaka aliyokaa nje ya utafiti, kwa mfano akilea, haihesabiwi. Ipo na posho ya familia. Baraza la Utafiti la Ulaya, linalotoa fedha kwa wanaoanza kujitegemea, humwongezea mama miezi 18 kwa kila mtoto katika muda wa kuomba. Sijui kwa nini jambo hilo halisemwi kwa sauti. Mabinti wengi hudhani umri umekwisha, hufunga faili, kumbe hesabu iko upande wao. Aidha sheria ya Ulaya ya mwaka 2016 inamruhusu mtafiti kuja na mwenzi wake na watoto wake.

Karibu na nyumbani, kituo cha Trieste kilifungua tawi Kigali mwaka 2018, katika Chuo Kikuu cha Rwanda, na Arusha kuna Taasisi ya Nelson Mandela ya Sayansi na Teknolojia iliyoanza kupokea wanafunzi mwaka 2011. Kwa mama mwenye watoto watatu, Kigali ya saa chache inaweza kuwa bora kuliko Ulaya ya mwaka mzima, na mtu asimwone kuwa amepungukiwa.

Kwa nini nilikaa siku 89? Kwa sababu mgeni wa kawaida haruhusiwi kuzidi siku 90 katika kila siku 180 katika nchi zile, naye anatakiwa aje na barua ya mwenyeji na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Sheria inamtambua mume na mtoto wa mtafiti. Shangazi na mama mdogo ni wageni tu. Kwa hiyo kuanzia Februari tulikuwa tunaandaa karatasi za bibi wa upande wa baba, ambaye hajawahi kupanda ndege, aje kunipokea zamu. Chekechea ya watoto wachanga ingeanza Septemba.

Mwezi wa Machi mkuu wake alimwambia kwamba akitaka mwaka wa pili aombe sasa. Hapo nyumba ile ndogo iligeuka. Mwaka mmoja alikuwa amemwahidi mumewe. Lakini mwaka mmoja katika kazi ile ni mfupi mno: miezi 3 kujifunza kuendesha kompyuta yao, miezi 6 ya hesabu, na inapofika wakati wa kuandika makala mkataba umekwisha. Akiondoka bila makala ni sawa na aliyelima na kupalilia akaondoka kabla ya kuvuna. Nilimsikia akizungumza na mumewe kwa simu usiku tatu mfululizo, chini chini, mtoto amelala kati yetu. Mume alikuwa na kazi ya uhandisi wa maji mkoani, kazi ya kudumu. Kuiacha akakae Trieste bila lugha wala ajira, hata kama sheria inamruhusu, ni jambo zito kwa mwanamume yeyote wa kwetu. Hakugomba. Alinyamaza, na kunyamaza kule ndiko kulikomliza mwanangu.

Usiku wa nne mume aliomba kuzungumza na mimi. "Mama," akasema, "nikimwambia arudi, atarudi. Ndiyo maana siwezi kumwambia." Akaniuliza kazi ile inahitaji muda gani hasa, si muda gani wanaotoa. Nikamgeukia mwenye kazi. Akafikiri, akasema miezi 6 zaidi ingetosha makala mbili, kama mtoto atakuwa na mtu. Hakuna aliyewaza kabla ya hapo kwamba mtu anaweza kuomba nusu ya anachopewa. Waliomba miezi 6, wakapewa. Mume akachukua likizo yake ya miaka miwili aliyoilimbikiza, akaja Agosti na Septemba, akampeleka mtoto chekechea wiki zile za kwanza za kulia mlangoni. Nilimwambia baadaye kwamba picha yake akiwa amembeba mtoto kwa khanga ile yangu imezunguka ukoo mzima. Alicheka, akasema bora ilimshinda siku mbili tu.

Nami niliondoka Aprili. Bibi aliwasili siku moja kabla, amevaa sweta mbili, na swali lake la kwanza lilikuwa mahali pa kuuza mchicha. Hakuna, mama, nikamwambia, lakini ipo mboga inayofanana nao, nikamwonyesha soko.

Mwanangu alirudi chuoni kwake Julai 2025 akiwa na makala mbili, ya kwanza imechapishwa, ya pili inasubiri. Ile hesabu ya viraba anaiendesha sasa na wanafunzi wake wawili, usiku, umeme ukiwa haukatiki. Mmoja wao ni mama wa mapacha. Mjukuu ana maneno matatu ya Kiitaliano: maji, mkate, na jina la upepo.